Gurudumu Lililotaja Jina la Mwalimu

Walimzika Mzee Sudi Ijumaa, baada ya sala ya mchana. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani kwake, nyuma ya lile duka lake la kutengeneza redio hapa mjini Bukoba, tukichambua mchele na kuzungumza kwa sauti za chini. Mimi ni Mkatoliki wa Muleba, nimevuka miaka hamsini, na pale uani walikuwepo wasichana waliokuwa wakijiuliza huyu mama ni nani hata akakalishwa mkekani karibu kabisa na mfiwa. Bi Zuhura, mjane wa Mzee Sudi, alinishika mkono na hakuuachia kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kawaida tu, "Koku, sasa umebaki wewe peke yako unayejua habari za kule kilimani." Nilitaka kumbishia, nimtajie mwingine, lakini sikumpata. Mwalimu Ishengoma wa Nshamba alitangulia zamani. Mkewe alimfuata. Bwana Kahigi wa Kimwani naye hayupo. Nikaendelea na mchele.

Habari za kwetu Kishanda na za wazazi wangu nitaziacha, hazihusiki hapa. Nianze pale nilipotoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme, sina kazi, na Mzee Sudi akakubali nikae dukani kwake nijifunze redio. Ulikuwa mwaka ule watu wa mjini walipoanza kutembea na simu za mkononi wakiwa wamezishika juu juu, ili kila mtu azione. Nilipewa chumba cha nyuma, ambacho kilikuwa stoo ya redio zilizoshindikana. Zilipangwa ukutani mpaka darini, na kitanda changu kilikuwa katikati yake kana kwamba na mimi nimeletwa nitengenezwe. Asubuhi Bi Zuhura alinipa chai ya tangawizi na vitumbua. Mchana tulikula wali na sangara, na siku zilipopatikana nazi kutoka pwani nyumba nzima ilinukia, kwa kuwa mama yake Bi Zuhura alikuwa mtu wa Tanga na binti hakukubali kuusahau upishi wa kwao. Baada ya chakula wao walipumzika chumba cha pili, na ukuta ulikuwa mwembamba. Siku moja nilimsikia akimwambia mumewe, "Mtoto wa watu anatafuta kazi ya maisha, wewe unampandisha mlimani kuuguza mashine." "Mimi magoti yangu hayapandi tena," alisema Mzee Sudi. "Na nikiacha mimi, nani atakwenda?"

Mashine yenyewe ilikuwa ripita, yaani mtambo unaopokea sauti ya redio ndogo na kuirusha tena kwa nguvu ifike mbali. Ilijengwa na padri mmoja wa Kizungu pamoja na wenzake waliopenda redio za ridhaa, watu wanaozungumza hewani bila kulipwa na bila kutangaza biashara, kila mmoja na leseni yake. Kibanda chake cha saruji kilikuwa kwenye kilima juu ya Nshamba, ukingoni mwa kibanja, lile shamba la migomba la nyumbani kwa Mwalimu Ishengoma, na mtambo uliendeshwa kwa betri za gari zilizochajiwa na jua. Enzi zake, mtu wa Bukoba aliweza kuzungumza na mtu wa Kimwani wakati simu ya posta inalala wiki nzima. Nilipofika mimi, padri alikuwa amerudi kwao na kufia huko, daktari mmoja alikuwa amehama, na wengine wameacha. Walibaki wawili hewani: Mwalimu Ishengoma na bwana Kahigi, ambaye alikuwa bwana shamba mstaafu kule Kimwani. Kila jioni waliulizana hali ya mvua, bei ya kahawa, na nani amefariki.

Sasa sheria ya leseni ilitaka kituo kijitaje jina kila baada ya dakika kumi, jina ambalo ni namba na herufi chache, kwa mlio wa alama za Morse: mlio mfupi, mlio mrefu. Jina la kituo lilikuwa la Mwalimu, kwa sababu ni yeye aliyekuwa ameshika leseni. Kazi ya kulitaja ilifanywa na gurudumu. Padri alilichonga kwa mkono, jeusi, la plastiki ngumu, ukubwa wa kisahani cha chai, lenye meno pembeni, mengine mafupi na mengine mapana. Mota iliyotolewa kwenye mashine ya santuri ililizungusha, meno yakabonyeza swichi, na jina likatoka. Kwingine duniani kazi hiyo ilikuwa inafanywa na kidude cha elektroniki kidogo kuliko ukucha. Mpenda redio mmoja wa ughaibuni aliwahi kuahidi kututumia kimoja. Nilikwenda posta mara nyingi mwaka ule, na karani wa dirishani akawa anatikisa kichwa kabla sijafika.

Mara ya kwanza nilipopanda Nshamba, Mwalimu alinipokea mwenyewe mlangoni, mrefu, shati limenyooshwa, sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho. Mkewe, Ma Leokadia, alitupakulia ndizi na maharage, akaniwekea na kisahani kidogo cha senene, wale panzi wa kuliwa, kwa kuwa ulikuwa msimu wao. Jikoni kwake alikuwa na redio ndogo iliyosikiliza kituo kile tu. Alama hakuzijua hata moja, lakini alizitumia kupikia: jina likilia mara tatu, ndizi zimeiva. "Tangu wiki iliyopita linalia vibaya," aliniambia. "Wanaume wanasema masikio yangu yamezeeka." Mwalimu akacheka, akasema mkewe anasema kweli, na hata Kahigi amelalamika. Tulipofungua kibanda tukaona: jino moja la mwanzo limevunjika. Jina letu, kama majina yote ya nchi hii, lilianza na namba tano, ambayo ni milio mitano mifupi, kisha herufi H, ambayo ni minne. Jino lilipovunjika, tano nayo ikawa H. Jioni ile Kahigi alisikika kutoka Kimwani akisema taratibu, "Ishengoma, nimehesabu milio, nimetazama kitabuni: H mbili. Mnajitangaza kuwa ni watu wa Haiti." Mwalimu alijibu kwamba asamehewe, hana nauli ya kwenda huko. Nilimsikia akicheka kwa sauti kamili siku ile, ndiyo maana naikumbuka.

Gurudumu la padri lilikuwa limekauka, na kila tulipojaribu kulibandika lilimeguka mahali pengine. Mzee Sudi akaamua tuchonge jipya. Tulianza na mfuniko wa sufuria. Yeye alichora kwa bikari, mimi nikakata kwa msumeno wa chuma na kusawazisha kwa tupa, siku nyingi, mezani pale dukani, huku wateja wanaleta redio zao na kuuliza ni saa ya namna gani hiyo inayotengenezwa. Mfuniko ulikuwa umepinda, ukayumba, na jina likatoka limeungana kama maneno ya mlevi. Tukatupa. Tukakata bati nene la redio kuukuu, likakaa sawa, tukafurahi. Lakini bati lile lilikuwa laini. Kabla mwezi haujaisha swichi ilikuwa imeyalamba meno, nikapanda tena na tupa mfukoni. Mkanda wa mota nao tulikata kwenye tyubu ya baiskeli. Mvua ikinyesha, na Nshamba mvua haikosi, mpira ulilegea na jina likaenda polepole kama mtu anayesinzia. Jua likiwaka, likakimbia. Niliporekebisha mkanda, swichi ilikwama. Nilipoinyoosha swichi kwa springi ya tochi, mota ikanukia moshi. Nimefanya kazi za minara ya simu maisha yangu yote baadaye, nimepanda mingi mirefu, na sijawahi tena kukutana na mashine iliyotaka kufa kwa bidii namna ile.

Katikati ya mwaka sauti ya Mwalimu ilianza kukwaruza. Sote tulidhani ni mafua, kisha tukadhani ni chaki ya miaka yote ile darasani. Ma Leokadia alimchemshia majani, akamkataza rubisi, pombe yake ya ndizi. Walipokwenda hospitali Mwanza, waliambiwa ni uvimbe kooni na kwamba wamechelewa. Aliporudi nilikuwepo, nimekuja kwa ajili ya mkanda. Alikaa kitini barazani, akaniambia kwa mnong'ono kama anayenipa siri, "Koku, wamesema nisipoteze hela." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Nikamwuliza kama anataka chai. Akasema ndiyo.

Mnong'ono nao ukaisha. Wiki moja aliweza kuniita jina langu, wiki iliyofuata hakuweza. Lakini alikuwa na kidude cha kubonyeza alama za Morse, akakiweka mapajani, na jioni akawa anamwandikia Kahigi hewani kwa milio. Kahigi alikuwa amejifunza alama hizo ujanani kwa ajili ya mtihani wa leseni na kuzisahau kama watu wanavyosahau katekisimu. Nilimsikia akihangaika: "Rudia, Ishengoma. Rudia tena. Nimepata mvua, nimepata kahawa, lile la katikati limenipita." Mwalimu alirudia, kwa subira ile ile ya darasani. Mimi aliniketisha kando ya kitanda akanifundisha kwa kugonga kidole kwenye mbao, herufi baada ya herufi, mpaka nikaweza kumsomea mkewe anachosema. Mara nyingi yalikuwa mambo madogo. Mbuzi amefungua kamba. Uji una moto. Mwambie Leokadia akalale.

Ndipo akaja mkaguzi wa leseni. Alikuwa ametupa onyo mwanzoni mwa mwaka kwamba kituo kisichojitaja sawasawa kitafungwa, na sasa alikuwa amerudi kusikiliza. Alikuwa kijana mpole, viatu vimejaa tope jekundu. Mzee Sudi alijikokota na yeye kilimani siku hiyo, kwa fimbo, akipumzika kila baada ya migomba michache. Tulisimama kibandani tukisubiri zamu ya jina. Gurudumu likazunguka. Lilitoka safi, kila mlio mahali pake, wala sijawahi kulisikia zuri vile. Mkaguzi akaandika, akatushika mikono. Kisha tukateremka nyumbani akamwona Mwalimu kitandani, na uso wake ukabadilika. Aliniita barazani. "Dada, mnajua leseni ni ya mtu? Haiachwi kwa mke wala kwa rafiki. Huyu mzee akiondoka, hilo jina halipo tena." Nikamwambia nitafanya mtihani nipate langu. Akaniandikia anwani. Nikaomba. Jibu lilikuja kwamba mtihani utafanyika watakapopatikana watahiniwa wa kutosha. Katika mkoa mzima nilikuwa peke yangu.

Mzee Sudi alikuwa fundi tu wa mtambo, hana leseni; alibaki Kahigi, ambaye leseni yake ilikuwa hai. Mzee Sudi alinituma Kimwani nikamwombe kituo kihamie kwenye jina lake. Nilimkuta kivulini nyuma ya nyumba, mguu mmoja umefungwa bandeji nene, inzi wanamsumbua. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwana wange," alisema, "nina sukari. Mguu huu wamesema wataukata, na baada yake sijui watakata nini. Jina langu si la Ishengoma. Itabidi mchonge gurudumu jingine, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Mkimaliza kulichonga mtakuja kunizika. Mtachonga la nani tena?" Nilimwambia tutajaribu hivyo hivyo. Alinitazama kwa huruma, akamwambia bintiye anifungashie ndizi. Nilimweleza Mzee Sudi. Aliinamia redio ya mteja mezani, akaifungua, akaifunga tena bila kuigusa ndani.

Siku za mwisho za Mwalimu nilikuwa Nshamba. Alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa imefungwa kwa uzi isidondoke. Asubuhi moja, Ma Leokadia akiwa kisimani, alinigongea kwenye mbao za kitanda, polepole sana, nami nikasoma kwa sauti ili ajue nimepata. Alisema: nikifa, zima siku hiyo hiyo. Nikamwambia, "Mwalimu, tusizungumze hayo." Akagonga tena: kituo hakitaji jina la asiyekuwepo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, aliyewarudisha nyumbani watoto wasiochomekea shati. Nikamwahidi. Alifariki siku chache baadaye, wakati wa chai, mkewe amemshika mabega.

Wakati ndugu wanamiminika, wanawake wakipanga masufuria nje, redio ya jikoni ililia. Jina lake lilitoka lote, wazi, na mimi peke yangu nilijua linasema nini. Lakini kila mtu wa nyumba ile alijua ni la nani. Nilisimama kwenda kibandani. Ma Leokadia alinishika kitenge. "Unakwenda wapi?" Nikamweleza alichoagiza marehemu. "Kiache," alisema. Kaka mkubwa wa Mwalimu alikasirika, akasema ni aibu mtu kuitwa huku amelazwa ukumbini, tena kuna watawa wamekuja kusali. Mzee Sudi alikuwa amefika kwa gari la mtu kutoka Bukoba. Nikamwuliza nifanye nini. "Marehemu ameagiza, na wewe umeahidi," alisema. "Lakini mwenye nyumba sasa ni huyu mama. Usimwondolee kitu leo." Basi yule kaka akaingia jikoni akatoa betri kwenye redio, kukawa kimya nyumbani, na juu kilimani gurudumu likaendelea. Tulimzika kibanjani kwake, kati ya migomba. Kila baada ya muda nilitazama juu kwenye kibanda na kujua kwamba sasa hivi linamtaja, na hakuna masikio.

Watu walipotawanyika, Ma Leokadia aliniambia nimpeleke. Hakuwa amewahi kuingia kibandani. Ilikuwa kazi ya wanaume, alisema, na yangu. Tulipanda. Ndani alitafuta pa kukaa, akakalia betri mbovu, akatazama lile gurudumu la bati kama mtu anayetazama mtoto wa mtu mwingine. "Ni hiki tu?" aliuliza. Nikasema ni hicho tu. Tulisubiri. Mota ikakoroma, gurudumu likazunguka, na kispika kidogo cha mle ndani kikalia. Nilimsomea kila herufi inapotoka. Aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Nilitegemea aniambie tusubiri zamu nyingine, na ningesubiri naye hata kutwa nzima. Akainuka. "Inatosha. Wanazimia wapi?" Nikamwonyesha. Akazima mwenyewe, akajifuta mkono kwenye kanga, akatoka. Kibanda kile baadaye kilifugiwa mbuzi. Kampuni ya simu ilisimamisha mnara kilima cha pili, na mwaka uliofuata nikaajiriwa kuutunza. Ma Leokadia tulikuwa tukikutana sokoni Nshamba, ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto, na habari ile hatukuigusa mpaka alipokufa.

Kabla ya kurudi Bukoba nilikwenda Kimwani kumwarifu Kahigi. Mguu ulikuwa umeshakatwa. Alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, redio yake mezani imewashwa, inatoa ule mvumo mtupu wa hewa isiyo na kitu. Alisema habari za kifo alizipata siku ile ile. "Lakini jina liliendelea kuita," alisema. "Nikasema labda wewe na Sudi mmepata njia. Nikawa kila likiita, naitikia. Natoa jina langu, natoa pole, nangoja. Siku zote zile. Juzi liliita, nikaitikia tena, na safari hii hata ule mlio mfupi ambao mtambo wenyewe hutoa kuonyesha umenipokea haukuwepo." Akanitazama. "Hamkunisikia hata mara moja?"

Nilimwambia ukweli. Redio ya Mwalimu ilikuwa imezimwa, betri za redio ya jikoni zilikuwa zimetolewa, na kibandani hapakuwa na mtu. Siku tuliyopanda, Ma Leokadia alizima mara tu jina lilipokwisha, kabla sauti yake yeye Kahigi haijafika.

"Mara tu lilipokwisha," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Nje bintiye alikuwa anapura maharage. Kisha mzee akaniomba nichomoe waya wa antena, kwa sababu ulipita juu ya dirisha na yeye hawezi tena kusimama. Nikapanda kwenye kigoda, nikauchomoa, nikauviringa, nikamwekea mezani.